Mwimbaji mwenye msimamo wake hapigwi picha kama bwana harusi

Na Mwandishi Wetu, Sumbawanga

WAPIGA picha wengi wa mjini Sumbawanga hujifunza kazi yao harusini, kwenye ubatizo na kipaimara, katika mahafali ya shule na katika picha ndogo za vitambulisho. Wale wa Majengo nao ni hivyo hivyo. Ni kazi ya heshima, na kanuni zake zinaeleweka: mteja asimame wima, atazame kamera, nguo zionekane vizuri na uso usiwe na kivuli. Anayelipa anataka aonekane kama alivyokusudia kuonekana siku hiyo, na mpiga picha mzuri humtimizia.

Matatizo huanza pale mpiga picha huyo anapoitwa na kijana anayetunga na kuimba nyimbo zake mwenyewe, ambaye anahitaji picha ya bango, ya jalada la albamu au ya kupeleka gazetini. Kwa mazoea, kijana huyo hupangwa kama bwana harusi asiye na bibi harusi. Huvishwa miwani myeusi, huegemezwa kwenye gari la jirani, huambiwa akunje mikono kifuani, na picha ikatoka. Ukifunika jina lililoandikwa chini, bango hilo laweza kuwa la mwimbaji yeyote kuanzia Mpanda hadi Mtwara.

Kwa mwimbaji anayeimba alichoandikiwa, pengine hasara si kubwa. Kwa yule anayefikiri mwenyewe na kuyasema anayoyaona, picha ya namna hiyo inamkanusha. Nyimbo zake zinasema jambo, ilhali picha yake inatangaza kwamba hana la kusema.

Je, inawezekana picha mnato, isiyo na sauti wala maneno, ikaonyesha kuwa mtu ana mawazo yake? Inawezekana, ila kwa masharti. Na katika historia ya muziki wetu ni vigumu kumpata msanii anayeyafundisha masharti hayo vizuri zaidi kuliko marehemu Remmy Ongala.

Kwa wakazi wa Rukwa, mfano huo hauko mbali kama unavyodhaniwa. Muziki wa Kongo umekuwa ukisikika katika mwambao wa Ziwa Tanganyika kwa miongo mingi, ukivuka maji kwa redio na kwa wasafiri. Remmy naye alitoka ng'ambo hiyo. Alizaliwa mwaka 1947 huko Kindu, mji ulio kando ya Mto Lualaba, mashariki mwa Kongo. Alifika Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 akaingia Matimila, bendi aliyoiongoza hadi ikajulikana nje ya mipaka ya nchi.

Mwenyewe alisimulia kwamba alizaliwa akiwa na meno mawili tayari mdomoni, jambo lililochukuliwa kwao kuwa ishara ya uganga, na kwamba ndiyo sababu nywele zake zilikatazwa kukatwa. Jina la Dokta lilitokana na habari hizo. Lakini jina jingine alilolitumia ndilo linalomhusu zaidi mpiga picha. Remmy alijiita Sura Mbaya.

Hebu tulitafakari jina hilo. Biashara ya studio imejengwa juu ya ahadi moja, kwamba mteja atatoka mzuri kuliko alivyoingia. Mtu anayekuja akitangaza mapema kuwa ana sura mbaya ameiondoa bidhaa hiyo mezani. Hataki kupambwa. Anakulazimisha utafute kitu kingine cha kupiga picha, na kitu hicho ni yeye mwenyewe.

Si yeye wa kwanza. Siti binti Saad, aliyezaliwa kijijini Fumba, Unguja, mnamo mwaka 1880, na kufika mjini akiuza vyungu, alikejeliwa na wapinzani wake kwa sura yake na kwa asili yake ya kishamba. Aliwajibu kwa wimbo, akiwakumbusha kwamba mtu hupimwa kwa akili zake. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri, na sauti yake ikaingia nyumba ambazo miguu yake isingekanyaga. Picha zake zinazofahamika ni chache. Aliyemchora kwa ukamilifu zaidi hakutumia kamera, bali kalamu: ni Shaaban Robert, katika kitabu chake cha Wasifu wa Siti binti Saad. Siti alifariki dunia Julai 8, 1950.

Hapa ni vyema kutaja jambo ambalo watu wa kamera wanalijua lakini wasomaji wengi hawajawahi kuambiwa. Sehemu ya kinachoitwa sura mbaya katika picha za zamani ilikuwa ni kosa la filamu. Kwa miongo mingi, maabara za picha za rangi zilisawazisha rangi kwa kutumia kadi yenye picha ya mwanamke wa kizungu. Ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo. Ngozi nyeusi ikitoka kama mkaa, macho na meno pekee yakiwaka, aliyelaumiwa alikuwa mpigwa picha. Kamera za kisasa na simu zimepunguza tatizo hilo, ila hazijalimaliza. Ukimsimamisha mtu mweusi mbele ya anga jeupe au ukuta uliopakwa chokaa, kamera itapima weupe ule na kumwacha mtu gizani. Tiba ni rahisi: sogea karibu, pima mwanga usoni pake, na anga liungue likitaka.

Turudi kwa Remmy. Ili kuelewa uhuru wa mawazo ulikuwa na maana gani katika kazi yake, yafaa kukumbuka mazingira. Bendi nyingi kubwa za Tanzania ziliwekwa chini ya taasisi. NUTA Jazz, kwa mfano, iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Rekodi zilifanyika Redio Tanzania Dar es Salaam, na wimbo ambao haukupita hapo ulikosa njia ya kumfikia msikilizaji wa Sumbawanga, Namanyere au Laela. Redio binafsi zilikuja katikati ya miaka ya 1990.

Katika mazingira hayo, Remmy aliimba juu ya mnyonge, juu ya kifo kisichochagua, juu ya dharau ya mwenye nacho kwa asiye nacho. Muziki wake aliuita wa ubongo, na hakuwa anatania. Ukimwi ulipokuwa bado unasemwa kwa minong'ono, alitoa Mambo kwa Soksi, wimbo uliohimiza kondomu waziwazi, na Redio Tanzania haikuupiga. Watu waliuimba hata hivyo. Wimbo ukikosa redio hubaki na kaseti, jukwaa na picha, na hapo picha huacha kuwa pambo.

Dunia nayo ilimsikia. Mwaka 1988 alishiriki matamasha ya WOMAD, na kampuni ya Real World ya Uingereza ikatoa albamu zake mbili, Songs for the Poor Man mwaka 1989 na Mambo mwaka 1992. Nyumbani alipewa heshima ya aina nyingine: kituo cha daladala jijini Dar es Salaam kinaitwa Sinza kwa Remmy. Makonda wanaolitaja jina hilo tangu alfajiri hawafikirii kwamba wanamkumbuka mwanamuziki.

Sasa basi, mtu kama huyu anapigwaje picha?

Kwanza kabisa, kwa masikio. Mpiga picha anayefika ukumbini bila kuzijua nyimbo hupiga kile kinachotikisika. Katika muziki wa dansi, wimbo kwa kawaida huanza polepole, mwimbaji akitoa maneno yake, kisha huingia chemko, magitaa yakipanda na wachezaji wakijitokeza mbele. Wapiga picha huamka wakati wa chemko. Kwa mwanamuziki wa kuchezesha ni sawa. Kwa Remmy walikuwa wamechelewa, kwa sababu jambo lenyewe lilikwisha kusemwa katika sehemu ya kwanza, wakati wao wakibadilisha filamu.

Anayejua wimbo anajua pia mwimbaji atavuta pumzi wapi. Hili ni la kiufundi kabisa. Kipaza sauti huficha mdomo na nusu ya kidevu, na picha nyingi za waimbaji ni picha za kipaza sauti kilichoshikwa na mtu. Ila mwisho wa kila mstari, mwimbaji huachia kipaza sauti, kichwa kikarudi nyuma kidogo, na kwa muda usiofika sekunde moja uso wote huwa wazi. Kwa mtunzi, hapo ndipo anapoyaangalia maneno yake yakiwafikia watu. Utaona kama ana wasiwasi, kama anacheka moyoni, kama anamtafuta mtu fulani aliyekaa safu ya tatu. Picha hiyo haipatikani kwa bahati. Hupatikana kwa aliyeusikiliza wimbo nyumbani mara kumi.

Mahali pa kusimama ni pembeni, mshazari wa jukwaa, upande ambao mkono ulioshika kipaza sauti au shingo ya gitaa haukingi uso. Mwanga ukiwa hafifu, pandisha wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ule unaoandikwa ISO, hadi 1600 au 3200, na uivumilie chengachenga itakayotokea. Kasi ya 1/125 ya sekunde inatosha kwa mtu anayeimba amesimama. Akianza kucheza, 1/250. Lenzi ya milimita 50 yenye tundu linalofunguka hadi 1.8 ni ya bei nafuu ukilinganisha na lenzi nyingine, na hufanya kazi hii vizuri kuliko lenzi ndefu ya bei kubwa isiyoona gizani. Anayetumia simu asivute picha kwa vidole. Asogee mwenyewe, aguse uso wa mwimbaji kwenye kioo, kisha apunguze mwanga hadi ngozi irudi na rangi yake.

Kuhusu flashi iliyoshikizwa juu ya kamera, niseme tu kwamba mimi naichukia. Inampiga mtu usoni, inafuta kila kivuli, na inamgeuza mwimbaji wa saa nne usiku kuwa mtu aliyeshtukiwa na polisi. Harusini ina kazi yake. Hapa haina.

Kazi ya Malick Sidibé wa Mali inastahili kuangaliwa na kila kijana mwenye kamera. Miaka ya 1960 alizunguka na kamera ndogo katika dansi za vijana wa Bamako, kisha picha hizo akazibandika studio ili wenyewe waje wachague. Hakuwapanga. Walikwisha jipanga kwa muziki, naye alikuwa anaufahamu muziki huo kama wao. Mwaka 2007 alipewa tuzo ya Simba wa Dhahabu huko Venice, akiwa mpiga picha wa kwanza kuipata, kwa kazi iliyoanzia kwenye sherehe za mtaani.

Hata hivyo kuna hatari ya upande wa pili, nayo ni kumpenda msanii vibaya. Bi Kidude, yaani Fatuma binti Baraka wa Zanzibar, alipigwa picha mno katika miaka yake ya mwisho. Alipewa tuzo ya WOMEX mwaka 2005, filamu ya Andy Jones juu ya maisha yake ikatoka mwaka 2006, na tangu hapo kila mgeni aliyeshuka bandarini na kamera alitaka picha moja ile ile: bibi kizee, makunyanzi, sigara mdomoni. Sigara ilikuwepo kweli, na makunyanzi yalikuwa yake kihalali. Lakini picha ya sigara inamfanya kuwa kioja. Mwanamke huyu alikuwa fundi wa unyago aliyefunda wasichana kwa ngoma, aliyeufunga msondo kiunoni na kuupiga akiwa amesimama katika umri ambao wenzake walikuwa wanashikwa mkono. Anayetaka kumwona Bi Kidude aangalie picha zinazoonyesha viganja vyake juu ya ngozi ya ngoma. Alifariki dunia Aprili 17, 2013, na picha za sigara ndizo zilizojaa tena magazetini.

Kwa Remmy, sigara hiyo ilikuwa nywele. Misokoto yake ilikuwa rahisi kupigwa picha, na wengi waliishia hapo. Kisha akabadilika. Katika miaka yake ya mwisho aliokoka, akazikata nywele zile, akaacha dansi na kuimba Injili. Walikuwepo waliosema amepotea. Kwa maoni yangu ilikuwa ni tabia ile ile: mtu aliyekataa kuambiwa na redio aimbe nini hakukubali pia kuambiwa na mashabiki wake abaki nani. Picha zilizotegemea nywele zilipitwa na wakati siku mkasi ulipopita. Zile zilizoshika macho, namna ya kusimama, na ule mkono ulionyooshwa kama wa mtu anayejadiliana barazani, ziliendelea kuwa zake hadi alipofariki dunia Desemba 13, 2010.

Sasa turejee Majengo, kwa yule kijana mwenye gitaa anayetaka picha na mpiga picha mwenye studio ya futi kumi kwa kumi.

Ushauri wa kwanza ni kutoka nje ya studio. Uwanda wa Ufipa una mwanga ambao watu wa Pwani wangeulipia. Mji uko juu, hewa ya kiangazi ni kavu, na kwa kuwa Sumbawanga iko magharibi ya nchi, jua huchelewa kuzama kwa karibu nusu saa ukilinganisha na Dar es Salaam. Jua la utosi nalo hufika hapa karibu saa saba mchana. Kwa hiyo anayefuata maelekezo ya vitabu na kukwepa saa sita tu, kisha akaanza kazi saa saba na nusu akidhani hatari imepita, ataambulia macho yenye mashimo meusi na pua inayong'aa. Asubiri hadi saa kumi na moja. Mwanga ukilala juu ya kuta za matofali ya kuchoma, ukuta huo mwekundu hurudisha joto lake usoni mwa mtu aliyesimama mkabala nao, bila gharama yoyote. Juni na Julai, baridi na upepo vikizidi, mwache mwimbaji avae koti lake la kila siku. Koti alilotungia nyimbo lina habari kuliko fulana iliyoazimwa.

Jambo la pili ni muda. Mteja wa picha ya kitambulisho humalizwa kwa dakika tano. Mwimbaji anayetunga apewe alasiri nzima, na saa ya kwanza kamera ibaki mkobani. Aulizwe wimbo upi anaupenda na upi umemgharimu urafiki. Aimbe huo wa pili. Wimbo wenye gharama hubadilisha sura ya anayeuimba. Mabega hushuka au hupanda, na mtu husahau kujipanga. Hapo ndipo kamera itoke.

Akikataa picha fulani, asikilizwe. Haimaanishi kwamba mpiga picha ni mtumishi wake. Yapo mambo ambayo msanii hapendi kuyaona katika picha na ambayo ni ya kweli, na mpiga picha anayo haki ya kuyatetea. Lakini ubishi huo ufanyike wakiwa wote wawili wanaziangalia picha, kabla ya kwenda kwa mchapaji wa mabango. Mtu mwenye msimamo huheshimu aliye na msimamo.

Upo pia upande wa sheria, ambao mitaani hauzungumzwi hadi ugomvi utokee. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inaitaja picha miongoni mwa kazi zinazolindwa, na inampa mwimbaji haki zake juu ya onyesho lake. Picha ya mwimbaji jukwaani, kwa hiyo, ina wenye haki wawili ndani yake. Karatasi ya nusu ukurasa inatosha kuepusha mgogoro: nani atatumia picha, wapi, kwa muda gani, na kama itauzwa nani anapata nini. Waandikiane kabla ya kupiga, kwa sababu baada ya wimbo kupendwa hakuna anayekumbuka makubaliano ya mdomo. Na jina la mpiga picha liandikwe kwenye jalada. Kuna majalada mengi ya kaseti za miaka ya 1980 na 1990 ambayo hayataji aliyepiga picha, na leo hakuna pa kuanzia kumtafuta.

Kuhifadhi ndiko kunakosahaulika kabisa. Filamu za zamani ziliharibiwa na unyevu na mende. Picha za leo hufa na simu iliyoibwa au kadi iliyofutwa ili ipatikane nafasi ya harusi ya Jumamosi. Kwa kila kazi zitengenezwe nakala tatu: moja ya mwimbaji, moja ya mpiga picha, na moja ikae kwa mtu anayeishi nyumba nyingine, ili bati likivuja mvua za Novemba zisizichukue zote. Katika jina la kila faili ziandikwe tarehe, mahali, jina la mwimbaji kama anavyoliandika yeye, na wimbo aliokuwa akiuimba wakati ule. Hilo la mwisho ndilo wengi hawaandiki, nalo ndilo litakalotafutwa kwanza na mtu atakayeikuta picha hiyo miaka 30 ijayo.